Mabaki ya chakula na majitaka kuwa nishati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maganda, makombo, mafuta yaliyobaki kikaangoni na kila kinachoshuka na maji ya choo vitaoza, tupende tusipende. Vikioza pasipo hewa hutoa gesi inayowaka. Kwa hiyo hatuamui kama gesi hiyo itokee au isitokee. Tunaloamua ni itokee wapi: ndani ya tangi lililozibwa ambako inaweza kutumika, au jaani na mtoni ambako inapanda angani bila kumfaa yeyote. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara jambo hili likizungumzwa.

Nishati inatoka wapi hasa?

Inatoka juani. Mmea hunasa mwanga wa jua na kuuweka ndani ya wanga, protini na mafuta. Tukila, mwili huchukua sehemu yake na nyingine hutoka na kinyesi. Chakula tusichokula hubaki na nishati yake yote. Lundo la mabaki likiachwa wazi, vijidudu vinavyotumia oksijeni hulila na nishati ile hupotea kama joto, ndiyo maana ukiingiza mkono ndani ya lundo la mboji changa unakuta joto kali. Hewa ikizuiwa, kazi hushikwa na vijidudu vya aina nyingine ambavyo haviwezi kukiunguza chakula hadi mwisho. Nishati ambayo vijidudu hivyo vimeshindwa kuitoa hubaki ndani ya methani.

Gesi inayopatikana, yaani bayogesi, ni methani kwa asilimia 50 hadi 70. Iliyobaki karibu yote ni kabonidayoksaidi, pamoja na mvuke wa maji na haidrojeni salfaidi kidogo, ile yenye harufu ya mayai viza. Mita moja ya ujazo yenye methani asilimia 60 ina takribani kilowati-saa 6 za joto, karibu sawa na lita 0.6 za dizeli. Ukiipitisha kwenye injini ya kuzalisha umeme utapata kama kilowati-saa 2 za umeme. Nyingine hutoka kama joto, na joto hilo nalo lina kazi yake mtamboni.

Ujuzi huu ni wa zamani. Mwaka 1776 Alessandro Volta alikusanya gesi iliyokuwa ikibubujika kwenye matope ya Ziwa Maggiore, nchini Italia, akaonyesha kwamba inawaka. Mwaka 1895 Donald Cameron alijenga tangi la majitaka lililofunikwa mjini Exeter, Uingereza, na gesi yake ikatumika kuwashia taa palepale.

Ndani ya tangi kunatokea nini?

Kuna makundi manne ya vijidudu yanayoishi pamoja, kila kundi likila kinyesi cha lililotangulia. La kwanza huvunja wanga, protini na mafuta kuwa vipande vidogo vinavyoyeyuka majini. La pili huvigeuza vipande hivyo kuwa asidi. La tatu huzibadili asidi hizo kuwa asidi ya siki, haidrojeni na kabonidayoksaidi. La nne, ambalo kitaalamu si bakteria bali ni viumbe vya kale viitwavyo arkea, hula mazao hayo na kutoa methani. Tumbo la ng'ombe lina viumbe wa aina hiyohiyo, na mtambo huu ni vyema uufikirie kama tumbo: unapenda mlo uleule, kwa kiasi kilekile, kwa saa zilezile, na hautaki mabadiliko ya ghafla.

Udhaifu wake uko kwenye kundi la nne. Arkea wanakua polepole, na hawapendi uchachu. Ukimimina sukari au wanga mwingi kwa mara moja, watengeneza asidi wanakimbia na kuwaacha nyuma wala asidi. Asidi inajikusanya, tangi linachachuka, gesi inapungua, na inayotoka inakuwa kabonidayoksaidi tupu isiyowaka. Waendeshaji wazoefu hawasubiri kufika huko. Wanapima mara kwa mara kiasi cha asidi wakikilinganisha na uwezo wa tope, yaani uji ulio ndani ya tangi, kuzimudu asidi hizo, kwa sababu kipimo cha uchachu wenyewe huonyesha tatizo likiwa tayari limeshakomaa.

Joto nalo lina neno. Mitambo mingi huendeshwa kwenye nyuzi 35 hadi 38 za Selsiasi, na mingine kwenye nyuzi 50 hadi 57, ambako kazi ni ya haraka zaidi lakini vijidudu ni wadhaifu zaidi wa kuvumilia makosa. Tope hukaa ndani kwa siku 15 hadi 30. Tangi lisilopashwa joto huhitaji muda mrefu kuliko huo.

Kwa nini kuchanganya chakula na majitaka? Kila kimoja hakijitoshelezi?

Kinaweza kwenda peke yake, na mahali pengi ndivyo kinavyokwenda. Lakini vinasaidiana kwa namna ambayo inastahili kuelezwa vizuri.

Tope la majitaka limekwisha kupita tumboni mwa mtu mara moja, kwa hiyo nishati iliyobaki ni ya kiasi. Uzuri wake ni utulivu: lina uwezo wa kumudu asidi, lina madini madogo madogo ambayo arkea wanayahitaji, na linakuja kila siku, kiangazi na masika. Mabaki ya chakula ni kinyume chake. Yana nishati nyingi mno, lakini yakiwa peke yake huchachuka upesi, na yakiwa na protini nyingi hutoa amonia inayowadumaza arkea. Ukiyaweka pamoja, tope linatuliza na chakula kinaongeza nguvu. Shirika la Mazingira la Marekani limewahi kueleza kwamba tani ya mabaki ya chakula ina uwezo wa kutoa methani takribani mara tatu ya tope la majitaka.

Sababu ya pili si ya kibaiolojia, na mimi naiona ndiyo yenye uzito zaidi. Miji mingi yenye mfumo wa majitaka tayari ina matangi, mabomba, injini na wafanyakazi waliofunzwa, na mara nyingi matangi hayo hayajai. Mfano mzuri ni mtambo wa mamlaka ya maji ya EBMUD mjini Oakland, California. Ulijengwa ukitegemea majitaka mengi ya viwanda, vikiwemo vya kusindika chakula; viwanda hivyo vikapungua na nafasi ikabaki. Wakaanza kupokea mabaki ya chakula kutoka migahawani na masokoni, na mafuta ya jikoni. Mwaka 2012 ukawa mtambo wa kwanza wa majitaka Amerika Kaskazini kuzalisha umeme mwingi kuliko unaoutumia, na ziada ikauzwa.

Huko Strass, Austria, na Marselisborg katika mji wa Aarhus, Denmark, nako mitambo ya majitaka inazalisha nishati kupita matumizi yake. Lakini tazama wamefikaje hapo: hawakuongeza gesi tu, walipunguza ulaji. Kupuliza hewa kwenye mabwawa ya kusafishia maji hula karibu nusu ya umeme wa mtambo wa kawaida. Strass walibadili namna ya kuondoa naitrojeni wakitumia bakteria wasiohitaji hewa nyingi, na matumizi yakashuka. Mtu anayekuonyesha gesi pekee bila kukuonyesha mita ya umeme amekupa nusu ya hesabu.

Hii ni nishati jadidifu kweli?

Ndiyo, kwa sharti moja. Kaboni iliyomo kwenye methani hii ilikuwa angani juzi tu, ikachukuliwa na mmea, ikaliwa. Ukiichoma inarudi ilikotoka. Gesi ya visimani ni tofauti, maana kaboni yake ilikuwa imezikwa kwa mamilioni ya miaka.

Sharti lenyewe ni kwamba isivuje. Methani ikitoroka bila kuungua hupasha dunia joto kama mara 28 ya kabonidayoksaidi ya uzito uleule kwa kipindi cha miaka 100, na kama mara 80 kwa kipindi cha miaka 20. Inavuja pale usipotazama: kwenye vifuniko vya zamani, kwenye valvu za usalama, kwenye bwawa la wazi ambamo tope lililotoka tangini linaendelea kububujika, na kwenye moshi wa injini isiyochoma vizuri. Mtambo unaovuja asilimia chache tu ya gesi yake unaanza kula faida yake yote ya kimazingira. Kwa hiyo ukiona mtambo unaojisifu kwa usafi, swali la kwanza kuuliza ni lini mara ya mwisho walipima uvujaji, na kwa kifaa gani.

Upande wa pili wa mizani upo pia. Chakula kikifukiwa jaani hutoa methani ileile, na sehemu kubwa hutoka mapema, kabla shimo halijafunikwa na mabomba ya kunasa gesi hayajawekwa. Ndiyo maana hata tangi lisilo kamilifu kwa kawaida linashinda jaa.

Gesi inafanya kazi gani?

Kupikia na kupasha maji ndiyo matumizi rahisi kuliko yote, maana gesi haihitaji kusafishwa sana. Kwenye mitambo mikubwa, injini hugeuza kiasi kinachozunguka asilimia 35 hadi 42 ya nishati kuwa umeme, na joto la injini hurudishwa kupasha tangi.

Ikitakiwa kuingizwa kwenye mabomba ya gesi ya mji au kwenye magari, lazima kabonidayoksaidi iondolewe hadi ibaki methani karibu tupu. Treni ya abiria inayotumia bayogesi ilianza safari kati ya Linköping na Västervik, Sweden, mwaka 2005. Mwaka 2014 basi linalotumia gesi ya majitaka na mabaki ya chakula lilianza kubeba abiria kati ya Bath na uwanja wa ndege wa Bristol, Uingereza.

Gesi ya majitaka ina adui ambaye wageni hawamjui. Vipodozi, shampuu na sabuni za leo vina siloksani, yaani kemikali za silikoni, na zikiungua ndani ya injini huacha unga mgumu kama mchanga unaokwangua silinda. Haidrojeni salfaidi nayo hula vyuma. Bila chujio, injini mpya huzeeka upesi sana.

Choo cha familia yangu pamoja na makombo ya jikoni vinaweza kunipikia?

Tufanye hesabu pamoja, maana hapa ndipo watu wengi huvunjika moyo baada ya kujenga.

Kinyesi cha mtu mmoja hutoa kama lita 20 hadi 30 za gesi kwa siku. Familia ya watu sita, chukua lita 150. Jiko la kawaida la bayogesi hutumia lita 200 hadi 400 kwa saa. Choo pekee basi kinakupa moto wa nusu saa hivi kwa siku. Ongeza kilo mbili za mabaki ya jikoni, kila kilo ikitoa takribani lita 100, unafika lita 350: saa moja ya moto, au zaidi kidogo ukipika kwa uangalifu. Mahitaji ya kupikia familia kwa siku nzima ni kati ya lita 1,000 na 1,500.

Kwa hiyo jibu ni kwamba utachemsha chai na kupasha chakula, lakini hutaacha kabisa nishati nyingine, isipokuwa una mifugo. Kilo kumi za samadi mbichi ya ng'ombe hutoa zaidi ya lita 300, na ndiyo maana mitambo ya nyumbani iliyofanikiwa, mamilioni yake nchini China na India, ilijengwa juu ya samadi na choo kikaunganishwa kama nyongeza.

Hesabu inabadilika kabisa pale watu wanapokuwa wengi mahali pamoja. Nchini Rwanda, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali ilijenga mitambo ya bayogesi kwenye magereza makubwa. Gesi iliyotokana na vyoo ilipunguza kuni za jikoni kwa takribani nusu, na mwaka 2005 taasisi hiyo ilipewa tuzo ya Ashden, inayotolewa kwa kazi za nishati endelevu. Shule ya bweni, kambi, hospitali na soko ni mahali pazuri kuliko nyumba moja moja: kinyesi ni kingi, jiko ni moja, na kuna mtu anayelipwa kuangalia.

Jambo moja la ziada kuhusu choo. Maji mengi ya kusukumia hulifanya tope liwe jepesi mno na kulipoza, na dawa kali za kusafishia huua vijidudu. Choo kinachotumia maji kidogo na kusafishwa kwa brashi na sabuni ya kawaida ndicho kinachofaa.

Nini kisiingie tangini?

Plastiki, kwanza na mwisho. Inaziba pampu, inaelea juu na kutengeneza gamba, kisha inatoka ikiwa vipande vidogo vidogo ndani ya mbolea. Mitambo mikubwa inayopokea chakula cha madukani hulazimika kuwa na mashine za kuchana vifungashio, na bado vipande hupenya. Mifuko inayouzwa kwa sifa ya kuoza nayo mara nyingi haimalizi kuoza ndani ya muda ambao tope linakaa tangini.

Mifupa, maganda ya mayai na mchanga havidhuru vijidudu ila hujaza sakafu ya tangi hadi nafasi inapungua. Maganda mengi ya machungwa na ndimu yana mafuta yanayodumaza vijidudu. Machache hayana neno. Mafuta ya kupikia ni chakula kitamu sana kwa gesi, ila kwa kiasi kidogo kidogo, la sivyo hutoa povu na asidi za mafuta zinazowafunika arkea.

Tope linalobaki ni salama kutumia shambani?

Hapa nataka kwenda taratibu, maana ndipo penye jambo zito zaidi kuliko gesi yenyewe.

Tangi haliondoi virutubisho. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu zilizoingia zinatoka, na sehemu ya naitrojeni inatoka katika hali ambayo mmea unaipokea haraka. Ni mbolea ya kweli. Lakini tope la mabaki ya chakula na tope la majitaka si ndugu.

Kwa mabaki ya chakula yaliyotenganishwa vizuri, shida kuu ni vimelea na plastiki. Vimelea huuawa kwa joto: kanuni za Umoja wa Ulaya kwa mabaki yenye asili ya wanyama hudai nyuzi 70 kwa saa moja. Majitaka yana zaidi ya hayo. Tangi la nyuzi 35 hupunguza vijidudu vya magonjwa lakini haliyamalizi mayai ya askaris, minyoo mviringo ya tumboni, ambayo yana ganda gumu na yanaweza kuishi udongoni kwa muda mrefu. Tope kutoka tangi la choo lisilopashwa joto lisimwagwe kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Lirundikwe likauke, litengenezwe mboji ya joto, au lipelekwe kwenye miti na malisho ya wanyama baada ya kupumzishwa.

Kisha kuna vitu ambavyo joto haliviwezi: metali nzito kutoka viwandani na zile kemikali za florini ziitwazo PFAS, ambazo hutumika kwenye vifungashio, nguo zisizolowa na povu la kuzimia moto. Hazivunjiki tangini. Jimbo la Maine, Marekani, lilipiga marufuku kutandaza tope la majitaka mashambani mwaka 2022 baada ya mashamba na visima kukutwa vimechafuka.

Sasa unaiona gharama iliyojificha ya kuchanganya. Chakula safi kikiingia kwenye tangi la majitaka, mbolea yake nayo inakuwa tope la majitaka, na sheria itaihesabu hivyo. Mahali ambapo viwanda vinamwaga kemikali kwenye mfereji uleule wa majitaka ya majumbani, msimamo wangu ni kwamba chakula kiende kwenye tangi lake, hata kama gesi itapungua. Mahali ambapo majitaka ni ya majumbani tu na yanapimwa, kuchanganya kuna mantiki.

Si bora kutengeneza mboji tu?

Kwa majani makavu, matawi na vumbi la mbao, ndiyo. Lignini iliyomo kwenye miti haimeng'enyeki pasipo hewa, na tangi halipati kitu. Kwa chakula chenye maji mengi, mafuta na nyama, tangi ni bora, kwani lundo la wazi litanuka na kuvuta panya. Vyote viwili vinaweza kufuatana: tope likitoka tangini lichanganywe na majani makavu na kumaliziwa kama mboji.

Mashine ya kusaga makombo kwenye sinki inasaidia?

Inasaidia kidogo kuliko inavyodaiwa. Chakula kilichosagwa husafiri na maji, sehemu yake huoza njiani na kutoa methani ndani ya mabomba, nyingine huyeyuka na kuishia kwenye mabwawa ya hewa ambako inaongeza matumizi ya umeme badala ya kuyapunguza. Mafuta hugandamana na kuziba mifereji. Mwaka 2023 Shirika la Mazingira la Marekani lilipopanga upya ngazi zake za namna ya kushughulikia chakula kilichopotea, kumwaga kwenye mfereji liliweka chini kabisa, pamoja na jaa na kuchoma. Gari linalobeba ndoo hadi mtamboni linafikisha nishati zaidi.

Je, kitu kama hiki kinaweza kuwasha mji mzima?

Hapana, na anayesema kinaweza anaharibu jina la kazi nzuri. Lita 25 za gesi kwa mtu kwa siku ni umeme wa kama wati-saa 50: balbu ya wati 5 kwa saa kumi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2024 kwamba majumbani hupotea wastani wa kilo 79 za chakula kwa kila mtu kwa mwaka. Hizo ni kama gramu 216 kwa siku, na gesi yake ni lita ishirini na kitu. Kwa hiyo ukikusanya chakula chote, bila kupotea hata kijiko, unaongeza balbu ya pili.

Balbu mbili si kidogo, ukikumbuka kwamba majitaka yanapaswa kusafishwa kwa vyovyote vile. Umeme huo unatosha kuendesha mtambo wa kusafisha maji wenyewe, au karibu, na mtambo usiozimika umeme wa gridi ukikatika ni mtambo usiomwaga majitaka mtoni siku hiyo. Hiyo ndiyo faida ninayoitetea: mji kusafisha maji yake bila kumtegemea mtu.

Mbona tusipunguze kupoteza chakula kwanza?

Tupunguze. Ripoti hiyohiyo ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilipoteza tani bilioni 1.05 za chakula majumbani, migahawani na madukani, karibu moja ya tano ya chakula kilichowafikia walaji. Hakuna tangi linalorudisha maji, mbolea na jasho lililotumika shambani. Chakula kinacholika kiliwe na watu, kisicholika na watu kiende kwa mifugo, na maganda na kilichoharibika ndivyo viende tangini.

Serikali zinalazimisha utenganishaji?

Baadhi. Korea Kusini ilipiga marufuku kufukia mabaki ya chakula jaani mwaka 2005, na tangu 2013 kaya hulipia kulingana na kiasi wanachotupa. California ilianza kutekeleza sheria yake mwaka 2022. Nchi za Umoja wa Ulaya zilitakiwa ziwe zimeanza kutenganisha takataka zinazooza kufikia mwisho wa 2023. Uzoefu wa Korea unafundisha kwamba sheria hufanya kazi pale mtu anapoona mzigo wake mwenyewe ukipimwa.

Kuna njia nyingine zaidi ya tangi la kumeng'enya?

Zipo. Mtambo wa Blue Plains mjini Washington hupika tope kwa mvuke wa shinikizo kisha kulifyatua ghafla, na seli za vijidudu hupasuka. Ndipo linapoingia tangini na kutoa gesi zaidi, huku vimelea vikiwa vimekufa. Ulianza hivyo mwaka 2015 na unazalisha takribani megawati 10. Dakar, Senegal, ulifanyiwa majaribio mtambo unaokausha tope la vyoo, kulichoma, na kutumia mvuke wake kuzalisha umeme na maji safi. Tope lililokaushwa pia hutengenezwa mkaa wa kubana au kuchomwa kwenye tanuri za saruji. Kukausha hula nishati nyingi, kwa hiyo njia hizi zinafaa pale tope linapokuja zito, kutoka kwenye mashimo ya vyoo, siyo lile jepesi la mabomba.

Harufu je?

Tangi lililozibwa halinuki. Kinachonuka ni sehemu ya kupokelea: malori, mashimo ya kumwagia, ndoo zisizooshwa. Jengo lililofungwa lenye hewa inayovutwa kupitia chujio la vipande vya miti humaliza sehemu kubwa ya tatizo. Bayogesi ikinuka nyumbani, kuna mahali inavuja.

Hatari ni zipi?

Kuu ni mbili. Methani ikichanganyika na hewa kwa asilimia 5 hadi 15 hulipuka kwa cheche moja. Na haidrojeni salfaidi huua. Ikiwa kidogo inanuka; ikiwa nyingi inaua uwezo wa pua kunusa, mtu akadhani imekwisha. Asiingie mtu yeyote ndani ya tangi au shimo la tope bila kipima gesi, kamba, hewa ya kupumua na mwenzake aliye nje. Mara nyingi wanaokufa ni wawili au watatu: wa kwanza aliyeingia, na waliomfuata kumwokoa.

Tangi langu jipya halitoi gesi. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea. Tangi jipya halina arkea wa kutosha, na wanaongezeka polepole. Lianzishe kwa samadi mbichi ya ng'ombe au tope kutoka mtambo unaofanya kazi, ujaze maji, kisha usiongeze chakula chochote hadi gesi ianze. Gesi ya kwanza haitawaka kwa kuwa ina hewa na kabonidayoksaidi nyingi. Iachie itoke nje, mbali na moto, zaidi ya mara moja. Ikianza kuwaka kwa mwali wa buluu, anza na mabaki kidogo yaliyokatwakatwa na kuchanganywa na maji, ongeza kila wiki, na ukisikia harufu ya siki au gesi ikipungua, acha kulisha kwa siku kadhaa. Usimwage tangi. Kinachotakiwa ni kuwapa arkea nafasi ya kula asidi iliyojikusanya, nao wakiwa hai wataila.